Kipande Mkononi, Nguzo Mgodini

Ripoti ya maabara ikishaandika kwamba makaa ya mawe ya tabaka fulani yana uimara wa megapaskali 25, namba hiyo haikai tena palepale. Inaingia kwenye hesabu za nguzo za mgodi, inapita mezani kwa mwekezaji, inafika kwa mkaguzi, na kote huko ni nadra mtu kuiuliza swali la kwanza: ni uimara wa nini? Wa kipande kilichotoshea kwenye mashine, au wa nguzo yenye upana wa mita 12 inayozuia mita 100 za mwamba zisiwaangukie watu wa zamu? Naamini vitu hivyo viwili vimeachana mbali kuliko wengi katika fani hii tunavyopenda kukiri. Na sasa ambapo Tanzania inachimba makaa ya mawe kwa wingi kuliko zamani, swali hilo linatuhusu moja kwa moja.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mwamba huchorongwa, ukatolewa ukiwa katika umbo la mcheduara wenye kipenyo cha milimita 54 hivi, ukakatwa uwe na urefu wa mara mbili na nusu hadi mara tatu ya kipenyo hicho. Ncha zake husawazishwa mpaka kosa lisizidi sehemu mbili za mia za milimita. Kisha huwekwa kati ya sahani mbili za chuma na kubanwa polepole, nusu megapaskali hadi megapaskali moja kwa sekunde, mpaka uvunjike. Nguvu ya mwisho hugawanywa kwa eneo la ncha. Makaa ya megapaskali 25 katika kipenyo hicho hubeba takribani kilonyutoni 57 kabla ya kuvunjika, yaani uzito wa karibu tani sita juu ya kipande kinachoshikika kwa mkono mmoja.

Kwa matale utaratibu huo hauna tatizo kubwa. Makaa ya mawe ni kitu kingine. Tangu yalipokuwa yanageuka kutoka mabaki ya mimea kuwa mwamba, yakikauka, yakisinyaa na kusukumwa na mikazo ya ardhi, yalijijengea nyufa za asili: seti mbili za mipasuko iliyosimama wima juu ya tabaka, moja ndefu na iliyonyooka, nyingine fupi inayoishia kwenye ile ya kwanza. Kuna makaa ambayo mipasuko yake imeachana kwa upana wa kiganja, na kuna ambayo imeachana kwa milimita chache tu. Juu ya hapo zipo tabaka zenyewe, nyeusi zinazong'aa na nyeusi zilizofifia, kila moja na tabia yake. Ukibana kwa kufuata tabaka utapata namba moja, ukibana kwa kukingama nazo utapata nyingine.

Kwa hiyo kabla mashine haijawashwa, sampuli imeshapita katika mchujo mkali. Chombo cha kuchoronga kinazunguka, maji yanapiga, na sehemu dhaifu za tabaka zinatoka zikiwa mchanga mweusi au hazitoki kabisa. Zilizotoka nzima zinapoteza unyevu njiani zisipofungwa kwa plastiki na nta siku ileile, na makaa yanayokauka hupasuka yenyewe bila kuguswa. Halafu unakuja msumeno. Halafu kusawazisha ncha. Kinachofika kwenye sahani za chuma ni kile kilichoshinda majaribio yote hayo, na ndicho tunachokipima kwa makini tukakiita wastani wa tabaka. Ni sawa na kutaka kujua afya ya kijiji kizima kwa kuwapima waliomaliza mbio za nyika.

Ndiyo maana nikiingia maabara ya miamba huanza kuangalia chini ya msumeno, kwenye ndoo ya mabaki. Ndoo ikijaa, jedwali zuri lililobandikwa ukutani halinipi amani. Nimeona ripoti zilizoandikwa kwa unadhifu, zenye wastani na mtawanyo wa matokeo hadi sehemu ya kumi, lakini hazina hata sentensi moja kuhusu vipande vilivyovunjika kabla ya kupimwa. Kwangu huo ni upungufu wa ukweli, japo kila namba iliyomo ni sahihi.

Upande wa pili wa tatizo ni ukubwa. Mwaka 1907, nchini Marekani, Daniels na Moore walichapisha matokeo ya kuvunja vipande vya makaa vya ukubwa mbalimbali, wakaonyesha kwamba kipande kikubwa hubeba mzigo mdogo kwa kila sehemu ya eneo lake kuliko kipande kidogo, na kwamba kipande kifupi chenye kitako kipana hubeba zaidi ya kirefu chembamba. Mwaka 1956 Gaddy aliipa hali hiyo kanuni: uimara wa mchemraba wa makaa hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha urefu wa upande wake. Chukua mchemraba wa sentimita 5 uliotoa megapaskali 25. Kwa kanuni hiyo mchemraba wa mita moja wa makaa yaleyale utatoa megapaskali 5.6 tu. Sababu yake inaeleweka: kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyobeba nyufa nyingi zaidi, na hakihitaji zaidi ya ufa mmoja mbaya ili kianze kuvunjika.

Lakini kanuni hiyo ukiifuata bila breki, nguzo ya mita 20 itakuwa karibu haina uimara wowote, na tunajua nguzo za mita 20 zimesimama miaka mingi. Lazima kuna mahali ambapo kushuka kunakoma. Kutafuta mahali hapo kukawa kazi ya Afrika Kusini, kwa sababu ya msiba.

Mgodi wa Clydesdale, huko Coalbrook katika jimbo la Orange Free State, ulichimbwa kwa mtindo wa vyumba na nguzo: unatoa makaa ya vyumba, unaacha nguzo za makaa zibebe paa. Desemba 28, 1959, sehemu ya nguzo hizo iliporomoka. Kazi iliendelea. Januari 21, 1960, maelfu ya nguzo yaliporomoka, moja ikiipa mzigo wake jirani yake mpaka eneo la karibu kilomita tatu za mraba likalala. Wachimbaji zaidi ya 430 walifia humo, wengi wao wahamiaji kutoka Lesotho, wakati huo Basutoland, na Msumbiji. Miili yao haikutolewa kamwe. Juu ya mgodi ule palikuwa na tabaka nene la doleraiti lililokuwa limejishikilia kama daraja kwa muda mrefu, na chini, katika baadhi ya sehemu, makaa ya juu yalikuwa yamekatwa baada ya nguzo kwisha kuchongwa, hivyo nguzo zikabaki na upana uleule huku zikirefuka. Hakuna aliyekuwa na njia ya kuaminika ya kusema nguzo zile zilibeba nini na zilimudu nini.

Baada ya Coalbrook ziliibuka njia mbili za kutafuta jibu, na mpaka leo fani nzima inasimama juu yake. Z. T. Bieniawski, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyekuwa katika baraza la utafiti wa sayansi na viwanda mjini Pretoria, aliona kwamba kama kipande hakiwezi kuletwa maabara kikiwa kikubwa vya kutosha, basi maabara ishushwe mgodini. Katika eneo la Witbank timu yake ilichonga michemraba ya makaa palepale kwenye tabaka, ikaweka jeki za majimaji juu yake na kuivunja mmoja baada ya mwingine, kuanzia midogo hadi ile ya mita mbili. Walichogundua ni kwamba uimara unashuka kwa kasi mwanzoni, kisha mchemraba ukifika mita 1.5 hivi unatulia. Kutoka hapo kuongeza ukubwa hakupunguzi tena chochote cha maana. Hilo lilikuwa jambo kubwa: kumbe kuna kipande kidogo kuliko vyote ambacho kinaweza kuisemea nguzo, lakini kipande hicho kina uzito wa tani nne na zaidi, na hakuna mashine ya kawaida ya maabara itakayokipokea.

Miklós Salamon, mzaliwa wa Hungary, alipita njia nyingine kabisa. Pamoja na A. H. Munro alikusanya habari za nguzo halisi za migodi ya Afrika Kusini, 98 zilizosimama na 27 zilizoporomoka, akatafuta kwa takwimu kanuni inayozitenganisha vizuri zaidi. Mwaka 1967 walichapisha jibu: uimara wa nguzo ni 7.2 zidisha upana wake kwa kipeo cha 0.46, gawanya kwa urefu wake kwa kipeo cha 0.66, vipimo vikiwa vya mita na jibu likiwa la megapaskali. Wakapendekeza uimara huo uwe mara 1.6 ya mzigo. Angalia kinachokosekana katika kanuni hiyo. Hakuna sehemu hata moja ya kuingiza namba ya maabara. Ile 7.2 imetoka kwenye nguzo zenyewe, zilizoishi na zilizokufa.

Tuifanyie kazi kidogo ili tuone uzito wake. Nguzo ya mraba yenye upana wa mita 12 na urefu wa mita 3, vyumba vya mita 6, kina cha mita 100. Kanuni inaipa uimara wa megapaskali 10.9. Mzigo wake, tukichukua kwamba kila nguzo inabeba mwamba ulio juu yake pamoja na nusu ya kila chumba jirani, ni megapaskali 5.6. Uwiano ni 1.9, hali nzuri. Sasa kata makaa ya juu mpaka urefu ufike mita 5, bila kugusa upana. Uimara unashuka hadi megapaskali 7.8 na uwiano unakuwa 1.4, chini ya kile Salamon alichoshauri. Makaa ni yaleyale, na sampuli kutoka katika nguzo hiyo ingetoa namba ileile kabla na baada ya kukata. Hilo pekee linatosha kuonyesha kwa nini namba ya maabara haiwezi kuachwa iamue peke yake.

Wamarekani walikwenda mbali zaidi. Katikati ya miaka ya 1990, Christopher Mark na Timothy Barton walikusanya matokeo ya vipimo vya maabara zaidi ya 4,000 kutoka matabaka zaidi ya 60, wakayalinganisha na historia za nguzo zilizofanikiwa na zilizoshindwa. Hawakupata uhusiano wa maana. Mhandisi aliyetumia namba moja ya megapaskali 6.2 kwa matabaka yote alitabiri mwenendo wa nguzo vizuri kuliko aliyetumia matokeo ya maabara ya tabaka lake mwenyewe. Sababu waliyoionyesha inarudi kwenye mipasuko. Makaa yaliyovunjikavunjika sana yana nyufa nyingi hata katika kipande cha sentimita tano, kwa hiyo kipande hicho tayari ni dhaifu na ukubwa haukiongezei udhaifu mwingi. Makaa ya mabonge yana nyufa zilizoachana, kwa hiyo kipande kidogo hakibebi ufa, kinatoa namba ya juu ajabu, kisha nguzo yake inashuka mpaka karibu na ile ya makaa dhaifu. Maabara ilikuwa ikipima umbali kati ya ufa na ufa, ikidhani inapima uimara.

Kuna waliosoma utafiti huo wakahitimisha kwamba maabara ifungwe. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko Afrika Kusini kwenyewe. Mwaka 1993 J. N. van der Merwe alichunguza nguzo za bonde la Vaal, eneo lile la Coalbrook, ambazo zilikuwa zikiporomoka ingawa zilikidhi masharti ya Salamon. Akaona kwamba kwa makaa ya pale ile 7.2 inapaswa kuwa 4.5. Fanya hesabu: nguzo iliyochorwa kwa uwiano wa 1.6, ukiweka 4.5 badala ya 7.2, inabaki na uwiano wa 1.0 kamili. Uimara sawasawa na mzigo, bila akiba. Wastani wa nchi nzima ulikuwa umewafunika watu wa bonde moja.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Namba moja kwa wote ni nzuri mahali ambapo umma wa wachimbaji umeshalipia, kwa maisha yao, orodha ndefu ya nguzo zilizosimama na zilizoanguka. Sisi huku hatuna orodha hiyo. Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1988, ulikuwa mgodi wa chini ya ardhi, lakini mgodi mmoja hautoi takwimu. Ngaka, mkoani Ruvuma, unachimbwa kwa shimo la wazi. Mchuchuma, wilayani Ludewa, umezungumzwa kwa miongo mingi. Makaa hayo yote ni ya miamba ya Karoo, ya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ukoo mmoja na makaa ya Witbank na ya Vaal. Ukoo huo ndio unaowashawishi wahandisi kuazima 7.2 moja kwa moja. Lakini Witbank na Vaal nao ni ndugu, na tumeona walivyotofautiana. Shimo la wazi likifika kina ambacho kuondoa mwamba wa juu hakulipi tena, mtu atapendekeza kushuka chini ya ardhi na kuacha nguzo. Siku hiyo tutahitaji kujua kama makaa yetu yanafanana na ya Witbank au na ya Vaal, na hatupaswi kulijua hilo kwa nguzo kuporomoka.

Maabara inaweza kutusaidia, ikipewa kazi inayoiweza. Isiulizwe uimara wa nguzo. Iulizwe tofauti: ivunje michemraba ya sentimita 5, 10, 20 na 30 kutoka tabaka moja, ili tuone uimara unavyoshuka na kwa mwinuko gani. Mwinuko huo unasema zaidi ya namba yoyote moja. Ihesabu umbali wa mipasuko katika kila mita ya mche uliotolewa. Ibane vipande vikiwa vimezungukwa na shinikizo la pembeni, kwa sababu katikati ya nguzo pana makaa hayawezi kupanuka, yanashikwa na makaa wenzake. Nao mwamba wa paa na wa sakafu upimwe kwa uzito uleule, kwa kuwa nguzo imara juu ya udongo laini huzama, na kwa mchimbaji matokeo ni yaleyale.

Kuna jambo jingine ambalo maabara inalifundisha kuliko mgodi, na halipewi nafasi ya kutosha: kinachotokea baada ya kilele. Mashine ya zamani yenye fremu nyepesi hujikunja yenyewe wakati inabana, na kipande kikianza kushindwa, nishati iliyojificha kwenye fremu hutoka yote kwa mara moja na kipande hulipuka. Mtazamaji husema makaa haya ni ya kulipuka. Weka kipande hichohicho kwenye mashine ngumu yenye udhibiti wa haraka, na utaona kinashuka polepole, kikiendelea kubeba sehemu ya mzigo huku kimeshavunjika. Kumbe mlipuko ulikuwa wa mashine. Mwaka 1970 Salamon alionyesha kwamba paa la mgodi ni mashine pia: likiwa gumu, nguzo dhaifu hujikunja taratibu na majirani huichukulia mzigo, likikosa ugumu, nguzo moja huondoka ghafla na nyingine zote huifuata. Maporomoko ya Coalbrook ya siku ile moja yanasomeka vizuri kwa hoja hiyo. Maabara nyingi zinazohudumia migodi bado hutumia mashine isiyoweza kuonyesha upande wa pili wa kilele, na huripoti kilele peke yake.

Vipimo vingine nitavipita haraka. Kipimo cha ncha mbili, ambacho kinabana kipande kati ya koni mbili za chuma, ni cha bei nafuu na kinafaa kulinganisha tabaka na tabaka shambani. Kipimo cha Hardgrove kinasaga gramu 50 za makaa kwa mizunguko 60 na kuhesabu unga uliopita kwenye chujio la maikroni 75. Wenye viwanda vya saruji na vya umeme wanakihitaji ili kujua kinu kitatumia nguvu kiasi gani. Kipimo cha kudondosha kinasema ni makaa kiasi gani yatakuwa vumbi baada ya kupakiwa na kupakuliwa, jambo la maana sana kwa makaa yanayotoka Ruvuma kwa malori hadi bandari ya Mtwara. Lakini nimekuta namba ya Hardgrove ikinukuliwa katika mjadala wa usalama wa kuta za mgodi, kana kwamba urahisi wa kusagwa na uwezo wa kusimama ni kitu kimoja. Hilo likomeshwe na kila anayetia sahihi.

Kuhusu sahihi hizo, natamani mambo machache yawe masharti ya kisheria na si hiari. Ripoti ya uimara wa makaa iseme mche wa urefu gani ulichorongwa na wa urefu gani ulipatikana mzima, mita kwa mita. Itaje kila kipande kilichovunjika kwenye msumeno, kina kilikotoka, na siku ngapi kilikaa kabla ya kufungwa. Iseme mzigo uliwekwa kwa kukingama na tabaka au kwa kuzifuata. Na mgodi wa kwanza wa chini ya ardhi utakaofunguliwa ulazimishwe kutenga nguzo chache za mapema, zichongwe ziwe nyembamba kwa makusudi katika eneo lisilopitiwa na watu, zifungwe vipima mkazo, ziachwe zishindwe huku zikiangaliwa kutoka mbali. Gharama yake ni makaa yaliyopotea na mshahara wa mafundi wachache kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa malipo hayo tutapata namba zetu wenyewe za kuweka mahali pa ile 7.2.